Nangoja Mtandao Urudi

Kwako Bi Mwanatabu,

Salamu kutoka Utange. Nakuomba unisome hadi mwisho kabla hujanicheka, maana nina jambo la kuuliza na nimekosa wa kumwuliza ila wewe wa gazetini, mke wangu Selpher amefariki mwaka wa pili huu na yeye ndiye aliyekuwa akinijibu mambo yote, hata yale ambayo sikumwuliza.

Mimi ni mzee wa presha. Binti yangu Winfred anafanya kazi Nakuru na kazini kwao walimkubalia aniandikishe kwenye bima yake, nikapewa kadi, na kwa kadi hiyo nikawa naenda kliniki moja ya huku Kisauni kila mwezi kupimwa na kuchukua dawa. Nitakuambia ukweli, siku ya kliniki ndiyo siku yangu. Napiga shati pasi, nafika kabla hata hawajafungua, naketi benchini na wenzangu wa presha na sukari, tunasimuliana habari za miguu kufa ganzi, kisha naitwa na nesi Swabra. Yeye huniita "baba Winfred", hanifungi ule mpira mkononi mpaka aniamkie, na kila mara huniuliza, "Leo umekula nini, baba?" Pengine anauliza kwa sababu ya chumvi. Lakini mwezi mzima hakuna mtu mwengine anayeniuliza nimekula nini, Bi Mwanatabu, na mimi huanza kulifikiria jibu tangu jana yake.

Basi siku moja nimefika, nimetoa kadi, msichana wa mapokezi akaiangalia akanirudishia akaniambia, "Pole baba, tumetoka kwenye mtandao wa bima yako." Mimi nikasikia mtandao. Mtandao naujua, simu yangu huku Utange mvua ikinyesha kidogo tu haina mtandao, ukienda dukani kutoa pesa unaambiwa mtandao umepotea ngoja kidogo, kwa hiyo sikukasirika, nikamwambia hakuna neno mwanangu, nitakuja ukirudi. Nikaenda tena wiki iliyofuata nikamwuliza, "Mtandao umerudi?" Akasema, "Bado, baba. Wangali wanaongea." Nikajua ni mafundi wanaongea. Nikaketi kidogo benchini, nikasalimiana na watu, Swabra akapita akaniamkia, nikarudi zangu nyumbani nimefurahi. Nikawa hivyo hivyo, naenda nauliza naambiwa bado naketi narudi, na dawa zilipokaribia kwisha nikaanza kuzikata nusu, kisha nusu nazo zikaisha.

Aliyenifumbua macho ni jamaa mmoja wa pale benchini, Mansur, mtu wa sukari. Alinisikia nikiuliza akanivuta kando akaniambia, "Mzee wangu, wallahi nakuonea imani. Mtandao huo si wa minara. Ni zile hospitali zilizofunga mkataba na bima yako. Hii yetu na bima yako wameachana, na hakuna ajuaye kama watarudiana." Niliona haya nikatamani benchi linimeze.

Kumbe Winfred alikuwa amenitumia ujumbe kuhusu hospitali nyengine inayoikubali kadi na mimi sikuufungua. Iko Changamwe, upande wa pili wa mji. Nikaenda, na Changamwe ndiko nilikofanya kazi kwenye bohari za mafuta ujana wangu wote, lakini tangu nishuke garini hadi nifike mlangoni yalinipita malori tu na sikuona hata mtu mmoja wa kumpungia mkono. Ndani unapewa kikaratasi cha namba unaketi, na namba inaitwa na mashine. Mashine, Bi Mwanatabu. Nikaona nitaitwa namba, nitapimwa na mtu asiyejua kama Selpher aliwahi kuwepo duniani, nikainuka nikatoka kabla yangu haijaitwa.

Sasa kichwa chaniuma kila asubuhi na macho yaona ukungu. Winfred hunipigia Jumapili baada ya kanisa, huniuliza, "Baba, dawa unachukua?" nami humjibu nachukua, sitaki aache kazi yake kwa ajili yangu. Na kliniki ile bado naenda kuketi. Swabra anadhani natibiwa kwengine na kwamba nimepita tu kumjulia hali. Niambie, ningoje hawa wawili warudiane, au nifanyeje?

Mzee Menza, Utange

*

Mzee Menza,

Shikamoo. Nimekwisha kukuamkia, sasa nipe ruhusa nikugombeze.

Kwa habari ya mtandao sikukucheka. Wenye bima wamelichukua neno ambalo kila mtu analijua wakalivisha maana yao, na yule msichana angekuketisha akakufafanulia sijui angepungukiwa na nini. Hilo si kosa lako. Lakini tangu Mansur akuambie ukweli, kosa ni lako, baba, na silimung'unyi. Mtu wa presha ambaye hamezi dawa, kichwa kinamuuma kila asubuhi na macho yana ukungu, haandikii gazeti. Anakwenda kupimwa. Ukimaliza kusoma hapa vaa viatu uende zahanati ya serikali iliyo karibu nawe, leo, na ubebe pakiti tupu ya dawa zako waione. Usiazime vidonge vya mtu, wala usimeze viwili kufidia vile vya jana. Na ukihisi upande mmoja wa mwili umelegea au ulimi umekuwa mzito, piga yowe majirani wakukimbize hospitali, usiogope kuwasumbua.

Waulizia kuhusu kungoja. Hospitali na bima huenda wakarudiana mwezi ujao, huenda wasirudiane kabisa, hayo ni yao. Presha yako haikutia saini mkataba wowote. Kwa hiyo rudi kliniki yako ya zamani mara moja tu, na safari hii usiketi. Mwambie Swabra, "Mwanangu, sina dawa." Atashtuka, mwache ashtuke. Mwombe akuandikie dawa ulizokuwa ukimeza na vipimo vyako vya nyuma, ni haki yako kupewa, uende navyo huko uendako. Kisha piga ile namba iliyo nyuma ya kadi uwaulize kama hakuna mahali padogo pa huku huku Kisauni wanapopakubali. Ikiwa hapapo, utakwenda Changamwe, na mashine itakuita namba, nawe utainuka uingie. Swabra naye siku ya kwanza hakukujua. Ni nani aliyemwambia wewe ni baba Winfred? Ni wewe mwenyewe, na mdomo bado unao.

Barua yako nimeisoma nikitafuta habari za bima, na kila mstari nimemkuta mzee anayetaka kuulizwa amekula nini. Najua hali hiyo. Mimi pia ni mjane, na mpaka leo kuna asubuhi natia maji ya chai ya watu wawili. Si aibu kulitaka swali hilo, ila umelitafuta mahali pamoja tu. Yule Mansur unamwita jamaa mmoja. Jamaa huyo alikuvuta kando asikuaibishe mbele za watu, na mtu wa namna hiyo hapatikani kila siku. Umemwuliza anakaa wapi? Mwalike Utange. Yeye na sukari yake, wewe na presha yako, mtakula chakula kisicho na chumvi na kunywa chai kavu isiyo na utamu wowote, lakini mtakuwa wawili.

Tena usinidanganye kwamba unamficha Winfred ili asiache kazi. Unamficha kwa sababu unaogopa kuwa mzigo, na binti aliyehangaika hadi akakutia kwenye bima yake hajasema popote kwamba wewe ni mzigo. Usimngojee Jumapili. Ukitoka zahanati mpigie wewe. Atapokea mbio, kwa kuwa hajazoea simu yako, na atakuuliza lile swali lake la dawa. Usiseme unachukua. Mjibu kwa neno lile ulilojibiwa pale mapokezi wiki baada ya wiki: bado. Kisha umwache akuulize kwa nini.

Bi Mwanatabu