Kivinjari "Alichokibuni Mwenyewe"

Wewe, acha unachofanya usome. Nimetoka kikaoni sasa hivi.

Lile debe tupu bosi analoliita mtaalamu limetuonyesha kivinjari cha intaneti "alichokibuni mwenyewe". Mwenyewe!

Eti, "Programu za bure ni za watu wasio na kazi." Kasema hivyo mbele yangu, bila haya.

Nikamwambia, "Kaka, hebu tufungulie msimbo wa programu ya kivinjari chako tuuone." Akaufungua kwenye skrini ya ukutani kwa mbwembwe zote.

Juu kabisa, orodha ya waliojitolea kukiandika enzi zile viwango vya wavuti ndiyo kwanza vinatungwa. Mwizi gani huyu, hata kufuta majina hajui?

Bosi akayasoma kwa sauti, moja moja.

La nne langu. La tano lako, mtu usiye na kazi.