Tulivyomwitikia Mama

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe, wifi na watoto. Hamjambo? Mgongo wa wifi umepoa? Sisi huku Mungu anatushikilia, ila si wazima wote, ndiyo maana nakuomba ukae kwanza kabla hujaendelea kusoma.

Unajua tangu tumzike Baba, Mama alikuwa wa kutazama ukuta tu. Namlisha kama mtoto, neno hatoi. Nilisali mpaka magoti yakaota sugu. Basi pale kwa dobi ninapopiga pasi, mteja mmoja akaniambia kuna mama anakusanya watu kwenye miti, nyuma ya kiwanda cha mbao kilichofungwa. Wanamwita Mwalimu. Nilipomfuata huyo Mwalimu, nilimuuliza mapema kama anapunga pepo, maana imani yangu siichezei. Akasema hana dawa wala hirizi. Watu husikiliza miti, kisha kila mtu hucheza na kutoa sauti jinsi mwili unavyotaka. Sharti ni moja: mmoja akianza, wengine humwitikia kwa kufanya vilevile, bila kumuuliza, bila kumzuia. Mwili ukiitikiwa, alisema, hutua mzigo.

Usicheke, Kaka. Siku ya kwanza nilipompeleka Mama, fundi viatu mmoja mwenye kitambi alilia kama mbuzi, nasi wote tukalia kama mbuzi. Njiani Mama akaniambia hajawahi kuona mbuzi aliyeshiba vile. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu msiba! Tangu hapo hakukubali kukosa. Alipunga mikono pamoja na matawi, akavuma na upepo, usingizi ukamrudia. Nikasema Mungu ana njia zake.

Siku ile hapakuwa na upepo. Majani yalitulia mpaka nikasikia vibaya moyoni. Mama alikuwa ameamka akilalamika kichwa kinamgonga. Nilipomsihi tubaki nyumbani, akaniambia nimegeuka askari jela. Tukaenda.

Alipoanza, mkono wa kushoto ulining'inia. Mguu ukaburuta, mdomo ukaenda upande, akatoa sauti nzito, ndefu, isiyo na maneno. Mwalimu akafurahi, akasema leo Mama amefunguka. Tukamwitikia. Kaka, sote tuliining'iniza mikono, tukaburuta miguu, tukapinda midomo, tukamzunguka tukivuma kama yeye. Alinitazama, nami nikamrudishia tabasamu lililopinda kama lake. Mwalimu alipopiga makofi tuache, tuliacha. Mama hakuacha.

Daktari anasema ni kiharusi, na tungemkimbiza hospitali mapema pengine mkono ungepona. Presha haijashuka. Kikimrudia kingine, anasema, hatutamvusha, kwa hiyo asitolewe kitandani hata kidogo.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Mama hana neno tena, ana ile sauti tu. Anaitoa mchana kutwa, wauguzi wanamnyamazisha, naye anahangaika mpaka shuka linalowa jasho. Jana nilivuta pazia la kitanda, nikamwitikia. Nilipinda mdomo, nikavuma naye, akatulia kama mtoto aliyenyonya. Kisha kwa mkono mzima akanivuta nguo, akaonyesha miti iliyo nje ya dirisha. Nikamuuliza kama anataka kurudi kule. Akafumba macho, akayafumbua. Nikamuuliza tena, akafanya vilevile.

Nimemwahidi, Kaka. Nitamtoa Jumamosi, wauguzi wakiwa wachache. Mwalimu hajui, fundi viatu ndiye atakayeleta mkokoteni. Najua alichosema daktari, lakini ahadi niliyompa mzazi nayo naiogopa, na kila nikisali nasikia ile sauti badala ya jibu. Barua hii nampa dereva wa lori akukabidhi mkononi. Wewe ndiye mkubwa. Ukija ukanizuia, nitazuilika. Usipokuja, sioni nani mwingine atakayenizuia.

Niwekee mikono vichwani mwa watoto, umpe wifi pole yangu. Mungu atutangulie sote. Mama anakusalimu: nilipomtajia kwamba nakuandikia, aliitoa ile sauti, nami nikamwitikia.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba