Sifuri ya Mto Kuywa

Jumatatu, 7 Aprili. Kitale

Picha tena. Tangu asubuhi naziwekea majina: ningu, kambare, tilapia, ningu. Macho yanawasha, chai imepoa. Lakini app imeiva. Naionyesha samaki, inamchorea kisanduku cha kijani na kumtaja kabla sijapumua. Najivuna, niseme ukweli.

Mama alipita kutoka Endebess na maziwa. Akachungulia kompyuta, akasonya. "Ati hii ndio kazi? Si hizi ni nyoka za maji."

Kwetu samaki hajawahi kuingia sufuriani. Nimekulia mahindi na ng'ombe. Picha zangu zote nimezipiga sokoni Bungoma, samaki wakiwa wamepangwa juu ya magunia.

Alhamisi, 10 Aprili. Bokoli

Niko kwa kina Wekesa. Tulisoma chuo pamoja. Yeye alichukua mambo ya mito, mimi kompyuta. Kamati ya Mto Kuywa inakaa Jumatano. Watu wa mchanga wanataka kuchimba kwenye kokoto za mtoni, na wanadai ningu waliisha zamani, hakuna cha kulinda. Wekesa anasema mvua ikianza ningu hupanda kutaga mayai palepale. Kamati ikataka ushahidi. Ushahidi ni app yangu.

Tumezamisha kamera iliyounganishwa na simu yangu. Mvua za kwanza zimenyesha, maji bado hayajachafuka. Jibu: hakuna samaki.

Ijumaa, 11 Aprili

Sifuri tena. Nimebadilisha betri, nimegeuza kamera, nimeishusha hadi chini kabisa. Sifuri. Wekesa ananitazama kama mimi ndiye niliyewala. Mimi, ambaye hata mchuzi wao sijaonja!

Jioni nikamtumia katibu wa kamati matokeo. Wekesa alinisihi nisubiri. Nikamwambia namba ni namba. Hatujasemezana tangu hapo. Nina hasira naye, na sijui kwa nini.

Jumapili, 13 Aprili

Kanisani sikwenda. Sikai, sisimami. Nimezunguka boma mpaka mbwa akachoka kunifuata.

Mchana Wekesa alirudi kutoka mtoni na ndoo. Ndani ningu mmoja, mzima, kanaswa kwenye kokoto zilezile. Mgongo kijani, mapezi mekundu. Sikujua wana rangi hivyo. Nikatumbukiza kamera. Hakuna samaki. Nikarudia. Hakuna samaki. Mkia unapiga ndoo, maji yananirukia usoni, na simu inasema hayupo.

Tukabishana. Taa, lenzi, maji, kila mtu na lake. Tulipokumbuka ndoo, ningu alikuwa amelala ubavu, amepauka, mdomo wazi. Nikamwelekezea simu bila kufikiri. Kisanduku cha kijani. Ningu.

Wekesa akaangua kicheko, kisha kikamkauka. "Si hii simu yako inaona samaki yenye imekufa peke yake, bana."

Aibu imenishika mpaka masikio yana moto. App yangu nimeifundisha maiti.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimempigia katibu kuirudisha ile sifuri. "Madam, hiyo lipoti iko kwa fairi. Kama imekosea, kuja useme mwenyewe mbere ya watu."

Mbele ya watu. Na mwenye vidimbwi vya samaki kutoka Kimilili atakuwepo, ndiye mteja wa kwanza kuiulizia app. Nikisema, nimejimaliza. Nikinyamaza, malori yanaingia mtoni kwa jina langu. Wenye lori wameshasikia. Moja tayari limeegeshwa karibu na daraja.

Jumatano, 16 Aprili

Nimesema. App yangu haimjui samaki aliye hai. Sifuri ile ni yangu, si ya mto.

Walicheka. Kiongozi wa watu wa mchanga akauliza, sasa tuamini nini? Wekesa akainuka, akasema waje mtoni wenyewe watazame. Mabishano marefu. Mwisho kamati ikaamua hakuna kuchimba mpaka mvua zipite na samaki wahesabiwe upya. Lori likaondoka kwa kelele.

Yule wa Kimilili aliondoka bila kuniaga. Imeniuma. Bado inauma.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimefuta picha zote za sokoni. Leo app haijui samaki yeyote.

Asubuhi niliingia mtoni mpaka kiunoni, kamera mkononi. Baridi ya kukata. Wekesa alikuwa ukingoni, akinipungia mkono nisitikisike. Sikutikisika. Muda ukapita, sijui kiasi gani. Kisha ningu wakaja, mmoja, halafu wengine nyuma yake, wakinyonya mawe karibu na miguu yangu. Mmoja akanigusa kifundo cha mguu.

Nilipokumbuka kamera walikuwa wameshapita. Nikasimama palepale, nikangoja wengine.