Maneno ya Uwimbabazi

Isingiro, 14 Agosti 1994

Kaka Theoneste, shikamoo.

Natumaini u mzima na vitabu havijakumaliza. Baba anakusalimu. Mgongo umempoa kidogo, anapalilia kibanja mwenyewe, na kahawa tunaianika.

Nimepata kazi. Kambi ya wakimbizi kutoka Rwanda imejaa hadi ng'ambo ya kilima, na hema la wagonjwa lilitafuta mtu wa kutafsiri Kinyarwanda kwa Kiswahili. Sisi tumekua na lugha ya wazazi, nikaona naweza. Namtafsiria muuguzi mmoja, Dada Xaveria. Homa, kuhara, kikohozi, hayo hayanisumbui.

Lakini juzi aliletwa mama anayeitwa Uwimbabazi, ana jeraha begani limeoza. Xaveria akasema, "Muulize limetokana na nini." Yule mama akaninong'oneza, "Ni Anastazi aliyenikata. Aliwaua wanangu wawili, akaniacha akidhani nimekufa. Nilivuka mpaka na umati, sikujua kuwa naye yumo." Huyo Anastazi ni kiongozi wa mtaa wao kambini, ndiye anayegawa chakula. Na alikuwa amesimama mlangoni mwa hema, na Kiswahili anakielewa.

Nikasema, "Anasema aliangukia jembe." Xaveria akaandika.

Wewe unasomea uzamili wa tafsiri. Huko wanafundisha mtu afanye nini hapo?

Mdogo wako,
Immaculata

Dar es Salaam, 29 Agosti 1994

Mdogo wangu Imma,

Marahaba. Mimi sijambo, ni joto tu na usingizi mchache. Oktoba natetea pendekezo la tasnifu mbele ya jopo, na nikishindwa ufadhili unasimama. Usimwambie Baba, atahangaika bure.

Nimetembea na barua yako siku nzima. Mwisho nilimweleza mwalimu wangu, Dokta Placidius, bila kutaja majina. Akauliza, "Huyo mwanamume alikuwa anatafuta nini mlangoni?" Akasema mkalimani ana haki ya kusema, kabla ya neno la kwanza, kwamba mahali hapa hapafai, pana masikio yasiyohusika. Jambo hilo limo kwenye somo letu, ila mimi nilikuwa nimelisoma harakaharaka, nikiwahi nadharia.

Fanya hivi. Kwanza muulize mama mwenyewe kama anataka maneno yake yafike. Akikubali, mtafute Xaveria akiwa peke yake, umwambie, "Nilitafsiri vibaya, naomba nirudie." Kisha useme alivyosema. Usiongeze, usipunguze.

Kaka yako,
Theoneste

Isingiro, 20 Septemba 1994

Kaka, shikamoo.

Huku tunaendelea, mvua zimeanza.

Nimefanya ulivyosema. Uwimbabazi alisema, "Yafike. Nikifa nayo, nani atajua?" Xaveria alinisikiliza hadi mwisho, akayakata maandishi ya mwanzo, akaenda kwa mkubwa wake. Tangu hapo tunaambiwa tusubiri, mama atahamishwa.

Jumapili tulitoka kanisani tukamkuta Anastazi ameketi uani kwetu. Baba hakumjua. Akamkaribisha kama mgeni yeyote, akampa rubisi, na yule akaisifu pombe, akazisifu na ndizi. Kisha akasema, "Mzee Mbonimpa, binti yako ana ulimi mwepesi. Na yule kijana wa Dar es Salaam anarudi lini?" Baba akamjibu, Desemba. Akaaga vizuri tu.

Nilimweleza Baba ni nani. Aliinuka akawaingiza mbuzi, na jua bado liko juu.

Kesho nakwenda kazini. Kina mama wanapanga foleni tangu asubuhi na hakuna mwingine wa kuwasemea.

Mdogo wako,
Immaculata

Dar es Salaam, 3 Oktoba 1994

Imma,

Hamjambo? Nakuuliza kweli, hamjambo?

Acha kazi hiyo leo. Mchukue Baba mwende Kanoni kwa Shangazi Costansia, kibanja kitajitunza. Nilikuandikia habari za haki ya mkalimani nimekaa maktaba, mlango umefungwa, na wewe ukaenda kuitumia mahali ambapo mtu anakuja hadi uani kwenu. Nijibu mara barua hii ikifika, hata kwa mstari mmoja.

Kaka yako,
Theoneste

Dar es Salaam, 24 Oktoba 1994

Imma, mdogo wangu,

Bado sijapata neno lako. Kila siku nakwenda posta.

Jana nilisimama mbele ya jopo. Mmoja wao akauliza, "Mkalimani anawajibika kwa nani?" Ni swali la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nikamwona Baba anamimina rubisi, na midomo ikagoma. Dokta Placidius alipoona hivyo akaomba niahirishiwe. Wamenipa hadi Machi.

Nimekata tiketi ya treni ya Mwanza, kisha nitapanda meli hadi Bukoba. Barua hii ikinitangulia, mjue niko njiani.

Kaka yako,
Theoneste

Bukoba, 6 Novemba 1994

Kaka Theoneste, shikamoo, na pole kwa safari.

Shangazi amenitumia nguo kwa basi, pamoja na barua zako mbili alizoletewa Baba kutoka Isingiro, na habari kwamba umefika Kanoni. Kumbe meli yako imekushusha hapahapa Bukoba, nami nipo hospitali, tusionane.

Mwisho wa Septemba gari la kumhamisha Uwimbabazi lilikuja ghafla mchana, nikiwa kazini. Huku hospitalini hakuna anayesikia Kinyarwanda, na mama akashika nguo yangu hakuiachia, basi nikapanda nilivyo. Nilimwachia Xaveria ujumbe wa kumwambia Baba aende Kanoni. Nashukuru Baba alinisikia. Nilikuandikia siku ileile na sijui barua hiyo imekwama wapi. Nisamehe kwa hofu uliyoipata.

Anastazi ametoweka kambini, na hakuna anayejua aliko. Kwa hiyo Isingiro msirudi kwanza, hata Baba akilia na kibanja chake. Wewe Machi rudi ukasimame mbele ya wale watu. Kama usingenielekeza, jembe lingebaki limeandikwa hadi leo.

Jana maafisa wa upelelezi walikuja kuchukua maelezo ya mama. Nikaomba chumba chenye mlango, wakatupa. Uwimbabazi alisema tangu asubuhi na mimi nikasema nyuma yake. Alipofika kwa wanawe alitaja majina yao. Mwandishi wao akaniuliza yana maana gani kwa Kiswahili. Nikamwambia majina hayatafsiriwi, ayaandike yalivyo, nikamtajia herufi mojamoja.

Uwimbabazi akauliza ninamwambia nini mtu yule. Nikamjibu kwamba nahakikisha ameyaandika sawasawa. Akaomba nianze tena, polepole, naye asikie. Nikaanza tena.

Mdogo wako,
Immaculata