Sindano ya Sumaa

Jumanne, 20 Mei 2025
Bunduki imekufa! Mzee, mume wangu, kafyatua mara tatu uani — kimya. Sumaa, bunduki ya kale ya babake, ina zaidi ya miaka mia, na Idi ya kuchinja imebaki wiki mbili na ushei. Kwenye razha, ngoma yetu ya panga na bunduki, yeye ndiye hupiga wa kwanza. Mwanangu Qais anasema labda sindano yake imevunjika, kile kichuma cha ndani kinachogonga risasi. Basi itafutwe! Mwanamume mzima anakuna kichwa tu.

Jumatano, 21 Mei
Nimemwambia mjukuu wangu Alya aulize kwa simu, babu anataka sindano. Alasiri kaja nesi na mkoba! Watoto hawa Kiswahili wanakisikia kama redio mbovu. Mzee keshakunja mkono wa kanzu, anangoja kuchomwa. Nimecheka. Rasha, mke wa Qais, hakucheka. Siku hizi hata kahawa hampelekei mkwewe, anamtuma Alya. Nimemsema. Adabu zimekwenda wapi?

Ijumaa, 23 Mei
Nizwa, sokoni. Qais kakataa kunipeleka — nimekwenda na mkwe wangu Laith. Mitutu, vitako vitupu, majambia. Sindano hakuna. Fundi mmoja wa Izki kaifungua bunduki, kanitazama. Eti mama, hapa hapakuvunjika kitu. Sindano imetolewa, na aliyeitoa kafunga vizuri. Atanitafutia nyengine nyumbani, ana makopo ya vyuma vya watu waliokwishakufa.

Jumamosi, 24 Mei
Kaitoa Qais! Baada ya Idi ndogo. Nimemwita mwizi, mwana asiye na radhi. Nilipomaliza kasema, mama, baba alimlengea Rasha mlangoni. Alimwuliza, mmerudi tena? Unguja haikukutosheni? Kamdhania ni wale wa mapinduzi ya sitini na nne. Na risasi ilikuwamo.
Wakanificha. Mimi, ninayelala ubavuni pake miaka hamsini na mbili!
Na Rasha nimemsema kwa kahawa.

Jumapili, 25 Mei
Fundi kapiga simu. Sindano imepatikana! Yuko jamaa anakuja hapa kwetu Ibra leo, ampe?
Mzee kasikia. Kavaa jambia tangu asubuhi, bunduki kaipaka mafuta, nyumba nzima inanuka. Kasema, mwambie alete, Tamima. Wiki ya pili hii alikuwa hajanitaja kwa jina. Alete, niwe tayari kabla hawajaja.
Nani, bwana?
Kanitazama kama mimi ndiye niliyerukwa na akili.
Fundi alo, alo, kakata. Nimekaa na daftari nionekane nina shughuli, nisimjibu fundi. Anapiga tena, simu inatetemeka mezani. Mzee kasimama mbele yangu, kanyosha mkono, anasema kama siwezi kupokea nimpe yeye —