Singo Kwenye Diski ya Zamani

Jumatatu, 9 Agosti 1999

Diski imejaa tena. Giga mbili. Inajaa kabla bi harusi hajafika kwenye kiti chake ukumbini. Naingiza kipande kwenye kompyuta, nakata, narudisha kwenye mkanda, nafuta, naanza upya. Harusi ya Zuhura naila kama muwa, pingili kwa pingili.

Singo nimeimaliza, alhamdulillahi. Dakika kumi na mbili. Siku ya kumsugua mwali kwa unga wa manukato, wanawake watupu, mlango umefungwa, kila mtu na upande wake wa khanga. Mama yake, Bi Tatu wa Tandika, alinichukua kwa sababu moja tu: kina kaka wenye kamera wapo tele Temeke nzima, mwanamke ni mie peke yangu. Akaniambia mkanda huu jicho la mwanamume lisiuone. Nikamwapia.

Mwishoni kabisa nimemweka Bi Kidawa, mama yake Bi Tatu. Miaka sabini na ushee, na kiuno bado kina akili zake. Nimecheka peke yangu chumbani.

Kesho Kariakoo. Lazima ninunue diski nyingine.

Jumanne, 10 Agosti

Fundi Rajabu ana diski mbili. Ndogo, giga nne, mpya, inazunguka mbio. Kubwa, giga kumi, imeshatumika, inazunguka polepole. Akanishauri ndogo. Kwa video, anasema, mbio kwanza, ukubwa baadaye; diski ikichelewa picha zinaruka. Na ile yangu ya zamani ningebaki nayo. Kubwa ningeipata kwa kumwachia ya zamani.

Nikachukua kubwa. Niseme ukweli, hapa hasomi mtu: nilitaka kutamba kwamba nina giga kumi. Wale kina kaka walionicheka nilipopunguzwa kazi ya uchapaji nikanunua kamera, nao wasikie.

Rajabu akauliza, "Dada, humu hamna kitu chako?"

Wanaume watatu nyuma yangu wanangoja zamu. Sikutaka nionekane sijui hata kusafisha diski. Nikasema hamna kitu.

Jumatano, 11 Agosti

Picha zinaruka. Zuhura yuko mlangoni, mara ameshakaa. Nilishauriwa nikaziba masikio. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Alasiri Bi Tatu kaleta habari: shangazi wa Tanga anataka nakala ya singo. Nikawasha kompyuta kuitafuta. Haipo. Nikatafuta tena. Ndipo nikakumbuka iko wapi. Vipande vya ukumbini nilivifuta vyote. Singo sikuifuta. Niliiacha nzima kwenye diski ya zamani, na jina lake juu.

Kwenye mkanda ninayo, hakuna kilichopotea. Heri ingepotea.

Alhamisi, 12 Agosti

Nimeamkia Kariakoo. Diski imeshauzwa. Iko ndani ya kompyuta ya mtu anayefungua ofisi ya kuchapa barua, Ubungo. Rajabu hakuwa na ubaya. "Si nilikuuliza, dada?" Nikamwambia kuna barua zangu za zamani. Uongo wa pili, kaunta ileile. Akaniandikia mtaa wenyewe, nikafika jioni, pamefungwa.

Sijala. Kila mwanamume niliyepishana naye nilimtazama usoni. Huyu kaona? Upuuzi, najua.

Ijumaa, 13 Agosti

Nimempata. Baba mtu mzima, mstaarabu, mwenyeji wa bara, ana miwani. Nikamwamkia shikamoo. Nikamwambia diski yake ilikuwa yangu, kuna mkanda wa familia humo, naomba aufute. Akasema ameuona. Aliufungua kidogo tu, akakuta mambo ya kina mama, akafunga. Akaufuta mbele yangu. Pumzi zikanirudi. Nilimshukuru mpaka nikamchosha.

Nafika mlangoni, akasema kwa wema kabisa, "Ila yule bibi anajua kucheza."

Bi Kidawa nilimweka mwishoni. Mie mwenyewe niliyekata. Kabla yake anapita Zuhura, mabega wazi, anasuguliwa. Anapita Bi Tatu. Wanapita majirani, shangazi, wote. Huyu baba aliangalia dakika zote kumi na mbili.

Sikugeuka.

Jumamosi, 14 Agosti

Nimelala mchana kutwa. Anayejua ni mie na yule baba. Naweza kunyamaza, na mambo yakaisha. Nimewaza hivyo siku nzima, na siku nzima nimejichukia.

Jumapili, 15 Agosti

Nimekwenda Tandika. Nimemwambia Bi Tatu yote, mpaka lile la hamna kitu. Alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua. Aliuliza neno moja: "Na mama?"

Nikasema, naye.

Akaniambia nilete mikanda yote. Nimempelekea jioni, akaipokea mlangoni, sikukaribishwa ndani. Hakunitukana. Bora angenitukana, ningepata pa kulilia.

Jumanne, 24 Agosti

Kuna mtu kaja kuniulizia kazi ya kitchen party. Nimemwambia kamera mbovu. Kamera nzima.

Jumamosi, 11 Septemba

Leo singo ya Mwajuma, binamu yake Zuhura. Sikutegemea kuitwa. Bi Tatu alituma mtu juzi: aje, mikono mitupu, kamera aiache.

Nikaenda mapema. Bi Kidawa nilimkuta anaingia, katembea kwa miguu toka Mtoni, kapu la vyombo kichwani. Shikamoo yangu aliitikia. Nikapewa bakuli la kukanda singo, nikakanda, nikamsugua mwali mgongo. Wanawake walikuwa wema kwangu. Sijui wangapi wameshaambiwa. Sikuthubutu kuuliza.

Ngoma ikapigwa, wakacheza. Wakamwita Bi Kidawa. Alikuwa amekaa mkekani, khanga kaipandisha mpaka shingoni na joto lote lile. Akasema miguu inamuuma. Wakambembeleza, wakamtania, wakamshika mkono. Yeye akatazama mikono yangu. Ilikuwa na singo mpaka viwikoni, haina kingine.

Akasema tena, miguu.

Nikainamia bakuli, nikaendelea kukanda.