Mtihani Juu ya Dungu

Jumatatu, 20 Aprili
Vipindi sita, madaftari ya darasa la nne, kisha shambani. Mpunga umetia maziwa na ndege wameshajua. Nimepokezana na mama mkwe kukaa juu ya dungu, kichanja chetu cha kulindia ndege, hadi jua lilipozama. Nimepiga debe kuwafukuza mpaka mkono umekufa ganzi. Katikati nikafungua somo kwenye simu, nikasoma kurasa mbili. Sikumbuki hata neno.

Jumatano, 22 Aprili
Ujumbe wa chuo. Mtihani wangu wa mdomo ni Jumamosi saa mbili asubuhi, kwa video. Mara ya pili na ya mwisho. Ile ya kwanza mtandao ulikata kwenye swali la kwanza. Nikikosa hii, narudia mwaka mzima. Miaka mitano naihangaikia shahada hii kwa simu. Wa sita sina nguvu nao.

Mpango: Ijumaa niende Ifakara, nilale kwa dada, mtihani nifanyie kwenye kituo cha chuo.

Alhamisi, 23 Aprili
Mvua. Barabara imekatika kabla ya kufika kijiji cha Mbingu, malori yamelala njiani. Bodaboda wote wamekataa. Ifakara nimeifuta.

Kwenye kundi la wanachuo mkufunzi kaandika kwamba siku zijazo vituo havitahitajika, elimu yote itakuwa kiganjani. Wamempigia makofi. Nilipoanza, wasomaji wa aina hii tulijuana kwa majina bonde zima. Sasa hata muuza dawa wa Idete yumo. Kiganjani, sawa. Changu kina matope. Nimezima data kwa hasira.

Ijumaa, 24 Aprili
Nimezunguka kijiji chetu kizima cha Mchombe na simu juu kama mtu aliyepoteza mbuzi. Nyumbani hakuna mtandao. Shuleni unakuja na kuondoka. Unaposhika sawasawa ni juu ya dungu tu. Na saa mbili ndiyo saa ya ndege.

Nikamwomba mama mkwe kesho alinde bila debe na bila kelele, mpaka nimalize. Alicheka mpaka akakaa chini. "Na ndege utawaambia nini, mwanafunzi wa simu? Wasubiri?" Akasema shamba ni la kula, si la kusomea.

Mpunga ule ndio chakula chetu cha mwaka, na tangu mume wangu afariki tumebaki kuulima sisi wawili. Nimemchukia kidogo leo. Ana haki, na hilo ndilo linaloniudhi.

Jumamosi, 25 Aprili
Nimefanya. Kama dakika arobaini, na mtandao haukukata.

Simu niliifunga kwenye nguzo ya dungu kwa kamba. Wakufunzi walikuwa wawili. Mmoja akauliza niko wapi, nikasema ofisini. Nyuma ya simu nikamwona mama mkwe. Debe kaliacha chini. Anakimbia juu ya tuta na kitenge mkononi, anakipunga, mdomo kaufunga. Umri wake ule. Ndege wananyanyuka huku, wanatua kule, kona ya mtoni. Kule hafiki. Niliwaona wakishuka, kundi zima. Nilikuwa naeleza jinsi nilivyowahoji wazazi kwa ajili ya ripoti yangu. Niliendelea kueleza.

Nilipozima simu tu, akapiga ukelele ambao nadhani hata mjini Mlimba waliusikia. Kisha akakaa kwenye tuta, anahema. Mimi nilishuka nikaenda kupiga debe.

Jumatano, 6 Mei
Matokeo yametoka. Nimefaulu. Nilidhani nitalia, nikalala.

Mama mkwe aliniuliza mara moja: "Wamekupa?" Nikasema wamenipa. Akaendelea kupepeta mchele.

Jumamosi, 30 Mei
Tunavuna. Mgongo unauma. Shamba lote mpunga umeinama, isipokuwa kona ya mtoni. Pale mashuke yamesimama wima, matupu. Nilitaka kupaacha. Mama mkwe akasema tukate tu, shamba haliachwi nusu. Tukakata sote wawili mashuke yasiyo na kitu.

Akafunga mganda mmoja, mwepesi, akanipa.

"Huu wako, mwalimu."

Nimeubeba mpaka nyumbani.